Stendi ya akwariamu kubwa: paini, mtiki, plaiwudi au chuma? Ulinganisho kwa sisi wa Tanga

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hesabu ya stendi ya akwariamu inaanzia hapo, ila wengi tunaanzia kwenye rangi ya vanishi na mlango wa kabati.

Chukua tangi ambalo mtu akishazoea samaki ndilo anaanza kulitamani: urefu sentimita 150, upana 50, kimo 60. Ujazo wake ni lita 450. Ukiacha sentimita tano juu bila maji na ukaondoa nafasi inayochukuliwa na mchanga, unabaki na maji ya kilo 390 hivi. Kioo cha milimita 12 kina kilo 30 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tangi lenyewe, tupu, ni kilo 95. Mchanga wa kina cha sentimita tano ni kilo 60. Ongeza mawe, chujio, taa na mfuniko, unakaribia kilo 600. Hiyo ni mifuko 12 ya saruji, imepangwa sebuleni kwako usiku na mchana kwa miaka, na inabebwa na kioo ambacho hakipendi kupindishwa hata kidogo.

Nimekaa na stendi mbili za mbao hapa Tanga, nikasaidia kutengeneza nyingine mbili za jamaa zangu, moja ya chuma kule Raskazone na moja ya plaiwudi Chumbageni. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mtu aliye kwenye hatua ya kuchagua, hela ipo mfukoni lakini bado hajamlipa fundi.

Stendi ya mninga iliyonifundisha

Ya kwanza ilikuwa ya mninga. Niliitengenezesha kwa fundi mmoja wa mjini, na kwa macho ilikuwa kitu cha kujivunia: wekundu ule wa mninga uliopigwa msasa vizuri, miguu minene ya inchi tatu, vanishi inang'aa mpaka unaona taa ya dari ndani yake. Miezi sita ya mwanzo sikuona tatizo.

Masika ilipoingia, asubuhi moja nilikuwa nafuta kioo nikaona mstari wa maji hauendi sambamba na ukingo wa juu. Nikachukua rula. Upande wa kushoto, kutoka ukingoni hadi kwenye maji, ilikuwa sentimita tano. Upande wa kulia ilikuwa nne na kidogo. Maji hayasemi uongo, akwariamu yenyewe ni pimamaji kubwa kuliko yoyote aliyo nayo fundi. Nikaweka alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye pembe zote nne. Baada ya wiki, ile alama ya kulia mbele ilikuwa imezama.

Usiku ule tulihamisha maji kwa ndoo, samaki wakalala kwenye mabeseni ya kufulia. Kesho yake nilimwita fundi mwingine, mzee aliyezeeka na randa mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo hii?"

Hakutazama vanishi. Alipiga goti, akapitisha kidole chini ya mbao ya juu, pale inapokutana na mguu, akatulia. Kisha akaniita niinamishe kichwa nione. Mbao ya juu haikuwa imekalia mguu. Ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa mguu, kwa ndani, ikashikwa na skrubu mbili. Pembe nne, skrubu nane. Zile kilo 600 zote zilikuwa zinaning'inia kwenye skrubu nane.

"Mguu haubebi kitu hapa, mwanangu. Kinachobeba ni skrubu."

Tulipoibomoa tuliona alichokuwa anakisema. Matundu ya skrubu hayakuwa ya mviringo tena, yalikuwa yamevutwa chini yakawa marefu kama tundu la sindano. Kwenye mguu wa kulia mbele, mbao ya juu ilikuwa imepasuka kichwani, ufa unaanzia kwenye skrubu na kufuata nyuzi za mti. Mninga ule ulikuwa umeuzwa haujakauka sawasawa. Ulipokauka sebuleni ulinywea, skrubu zikabaki zinacheza.

Kwa hiyo kabla ya kuulizana mti gani, tuulizane uzito unapita wapi kufika chini.

Kukalia au kuning'inia

Kuna namna mbili za kuunga stendi, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya mti na mti.

Namna ya kwanza ni ile iliyoniponza: miguu inapanda hadi juu, mbao za mlalo zinafungwa ubavuni. Ni rahisi kuifanya, ndiyo maana mafundi wa meza za kawaida wanaipenda. Kwa meza ya chakula inatosha. Meza ya chakula hubebeshwa sinia la pilau kwa saa moja, kisha inapumzika.

Namna ya pili ni fremu ya juu kukalia vichwa vya miguu, na miguu kukalia fremu ya chini au sakafu yenyewe. Hapo uzito unashuka mbao juu ya mbao, na skrubu zinabaki na kazi yake halali, yaani kuzuia vitu visihame. Ukiweza kung'oa skrubu zote kwa mawazo yako na stendi ikaendelea kubeba tangi, basi imeungwa vizuri. Mbao ina nguvu nyingi sana ikikandamizwa kufuata urefu wa nyuzi zake. Kipande kifupi cha paini ya inchi mbili kwa nne, kikavu na kilichonyooka, kinabeba zaidi ya tani moja kikisimama wima. Miguu sita ya namna hiyo chini ya kilo 600 haitaabiki hata kidogo.

Fundi mwenye ujuzi anaweza kupata matokeo yale yale kwa ulimi na tundu, ambapo mbao ya mlalo inaingia ndani ya mguu na kukalia bega lililochongwa. Ni kazi nzuri na ya kudumu. Lakini inataka mbao kavu kabisa, patasi kali na mkono uliotulia, na ukiikosea huwezi kuirekebisha. Kama fundi wako hajawahi kukuonyesha ulimi aliouchonga mwenyewe, mwambie afanye ile ya kukalia.

Mbao ya juu isimame, isilale

Hapa ndipo pesa hupotea bila sababu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbao mbili ndefu za juu, ya mbele na ya nyuma, zinagawana mzigo: kila moja kilo 300, umetandazwa kwenye sentimita 150. Nimefanya hesabu ya mpindo kwa paini ya vipimo kamili, kabla ya kupigwa randa, ikiwa imeshikwa kwenye miguu ya pembeni tu:

Mbili kwa nne ikilazwa ubapa: milimita 16 katikati.
Mbili kwa nne ile ile ikisimamishwa kwa ubavu: milimita 4.
Mbili kwa sita ikisimamishwa: milimita 1 na kidogo.
Mbili kwa nne ikisimamishwa, na mguu wa tatu ukawekwa katikati: robo ya milimita.

Tazama mstari wa mwisho. Mguu mmoja wa nyongeza, kipande cha mbao kisichofika hata futi mbili, umefanya kazi kubwa kuliko kubadilisha mbao zote. Ukipunguza nafasi kati ya mguu na mguu kwa nusu, mpindo unapungua mara 16. Na mbao ile ile, bila kuongeza hata shilingi, ukiisimamisha badala ya kuilaza inakuwa ngumu kupinda mara nne.

Kuna jambo lingine linaloongeza uzito wa hoja hii. Mbao inayobebeshwa mzigo siku zote haisimami pale ilipopinda siku ya kwanza. Inaendelea taratibu, na baada ya miaka mpindo unaweza kufika maradufu. Milimita nne zinakuwa nane, na silikoni, ile gundi inayoshika vioo vya tangi, inaanza kuvutwa.

Kwa nini basi mtu asiweke mguu wa kati? Kwa sababu anataka nafasi ya kuingizia tangi la kuchujia chini ya stendi. Hilo ni hitaji la kweli, hasa kwa anayefuga samaki wa maji chumvi. Mtu huyo aende kwenye mbili kwa sita, tena mbili zilizounganishwa kwa gundi na bolti upande wa mbele, na mguu wa kati auweke nyuma tu. Asiye na tangi la chini hana sababu ya kuukwepa mguu wa kati.

Sasa mti: paini, mtiki, mninga na wenzake

Paini tunayonunua hapa inatoka ama milimani, Shume kule Lushoto, ama mbali zaidi, Sao Hill ya Mufindi. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote hapa, inapatikana kwa vipimo vinavyoeleweka, inapokea skrubu na gundi vizuri. Udhaifu wake ni mmoja mkubwa, nao ni mchwa. Paini isiyotiwa dawa ni chakula chao, na nyumba nyingi za hapa zina njia zao za udongo ukutani. Ile iliyotiwa dawa, yenye rangi ya kijani kijani, inavumilia, lakini dawa hiyo mara nyingi ina shaba, na shaba ni sumu kwa samaki. Itumie kwa stendi tu. Kipande chake kisiingie ndani ya maji, na vumbi lake la msumeno lisifike karibu na tangi.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kwa upande wa kupinda, mninga hauipiti paini kwa kiasi cha kuhalalisha tofauti ya bei. Mninga una sifa zake: ukishakauka hautikisiki, haunywei ovyo, haujikunji, na uzuri wake kila mtu anaujua. Lakini ukitaka mbao ya juu isipinde, mguu wa kati kwenye paini utakupa zaidi ya mninga usio na mguu wa kati. Mninga pia unatoka mbali, kwenye misitu ya miombo ya magharibi, na mbao za misitu ya asili zinahitaji vibali vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kusafirishwa. Dai risiti. Mvule nao ni mti wa heshima na mchwa hauutaki, ila mara nyingi unachokipata ni vipande vilivyopindana, na kwa ukubwa wa stendi utalipa sana.

Mti ambao sisi wa Tanga tumebarikiwa nao ni mtiki. Shamba la miti la Longuza liko wilayani Muheza, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Mtiki una mafuta yake ndani, mchwa unaukwepa, maji hayaupenyi kwa urahisi, na chumvi haiushughulishi. Ni mgumu kupinda kuliko paini na mninga. Kama tangi lako litakuwa la maji chumvi, au stendi itakaa kwenye baraza inayopigwa na upepo wa bahari, hapa usihesabu shilingi. Mambo mawili ya kuangalia: mtiki mchanga una sehemu kubwa nyeupe ya nje ambayo haina mafuta hayo, na mchwa unaila kama mbao nyingine, kwa hiyo chagua vipande vya kahawia. Pili, mafuta yale yale yanaikataa gundi. Futa pale pa kuunga kwa kitambaa chenye tina, acha pakauke, ndipo upake gundi.

Mkaratusi sitausema sana. Una nguvu, lakini ukikauka unajikunja na kupasuka, na stendi iliyojikunja haina dawa. Mwembe pia niuache. Wadudu wanautoboa na kuacha unga sakafuni.

Mnazi unastahili neno, maana minazi mizee inakatwa kila mahali pwani na watu huuliza. Mnazi si mbao moja. Sehemu ya nje ya shina, chini karibu na mzizi, ni nzito na ngumu ajabu. Sehemu ya ndani ni laini kama kitu kingine kabisa. Kipande kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili. Nimeona miguu ya mnazi mizuri sana, lakini ya mbao ndefu ya juu siwezi kukushauri, isipokuwa wewe mwenyewe umesimama wakati shina linapasuliwa.

Vyovyote utakavyochagua, ukavu unatangulia jina la mti. Usimwamini muuzaji kwa maneno tu. Kata kipande cha urefu wa kiganja, si kutoka kichwani bali ndani kidogo, ukapime kwenye mizani ya duka. Andika gramu. Kiache ndani ya nyumba, siyo juani, ukapime tena baada ya wiki, na wiki nyingine. Kikiendelea kupungua, mbao zako nazo bado zinapungua. Zipange ndani na vijiti katikati yake zipate hewa. Kikisimama, anza kazi.

Plaiwudi

Stendi ya plaiwudi ni sanduku lisilo na miguu. Mbavu zenyewe za milimita 18 ndizo zinazobeba, zikisimama kwa ukingo wake. Nilipoiona ile ya Chumbageni mara ya kwanza sikuiamini, nikadhani itafumuka. Haijafumuka. Mbao pana iliyosimama kwa ukingo ni ngumu sana kupinda, na sanduku lenye mgongo mzima haliyumbi kabisa upande kwa upande, jambo ambalo fremu ya mbili kwa nne inalipata tu ukiiongezea mgongo wa plaiwudi au mshazari. Ukuta mmoja wa kati ndani yake unafanya kazi ya mguu wa kati.

Adui yake ni deki. Nyumba zetu zinapigwa deki kila siku, na maji yanafika kwenye ukingo wa chini wa ule ubao. Plaiwudi ya gundi ya kawaida inavimba, tabaka zinaachana kama kurasa za kitabu kilicholoa. Ukiamua plaiwudi, iwe ile ya gundi isiyoogopa maji, ukingo wote upakwe rangi ya mafuta mara tatu kabla ya kuunga, na sanduku likae juu ya vipande vya mtiki vya sentimita mbili ili maji ya deki yapite chini. Ubao wa unga uliokandamizwa, ule wa makabati ya dukani, usiutumie kabisa. Ukilowa mara moja haurudi.

Kwa bei, plaiwudi nzuri inakuwa juu ya paini. Kwa nafasi ya ndani na unadhifu, inaipita. Kwa mtu mwenye fundi wa makabati anayekata kwa mashine na kwa mraba kamili, ningesema achague hii bila wasiwasi. Kwa mtu anayetegemea msumeno wa mkono, hapana, kwa sababu ukingo usionyooka unabeba kwa nukta mbili tatu tu.

Chuma na tofali

Chuma cha paipu za mraba, milimita 40 kwa 40, kina nguvu zaidi ya inavyohitajika. Mchwa hauna habari nacho. Kwa maji baridi, katika nyumba iliyo mbali kidogo na ufuo, ni chaguo zuri, na fundi wa kuchomelea anaimaliza kwa siku moja. Shida ya kwanza ni kwamba moto wa kuchomelea unavuta chuma. Fremu inatoka na pembe moja iliyonyanyuka milimita mbili, fundi haoni, wewe huoni, kioo kinaona. Kabla hujalipa, weka fremu sakafuni pale pale kwa fundi, nyosha uzi kutoka pembe hadi pembe, mishazari miwili. Nyuzi mbili zigusane katikati bila kusukumana. Zisipogusana, au mmoja ukiusukuma mwingine, fremu imepinda.

Shida ya pili ni kutu. Ile ya Raskazone ilipakwa rangi vizuri kwa nje. Kutu ilianzia ndani ya paipu, chini, mahali ambapo brashi haifiki, na tulipoigonga kwa bisibisi baada ya miaka minne ilitoa unga mwekundu. Samaki wa jamaa yangu yule walikuwa wa maji chumvi, na matone ya chumvi yalikuwa yanatiririka kwenye miguu kila anapobadilisha maji. Kwa hali kama ile, mtiki unakishinda chuma.

Tofali za inchi sita zikipangwa na ubao mnene juu zinabeba bila shaka yoyote. Kwa mtu mwenye nyumba yake, anayejua hatahamisha tangi, zijengwe kwa saruji na zipigwe lipu. Zikipangwa kavu, na watoto ndani ya nyumba, ningekataa.

Ningechagua nini

Maji baridi, fundi wa kawaida, bajeti ndogo: paini ya mbili kwa nne, miguu sita, fremu ikikalia vichwa vya miguu, mgongo wa plaiwudi ya milimita 12 wa kuzuia kuyumba. Kwa stendi ya kimo cha sentimita 75 mbao tano za futi 12 zinatosha. Nunua sita, maana moja itakuwa na fundo baya. Kata mbao nne za sentimita 150 kwanza, mabaki ndiyo utengeneze miguu, mbao fupi zinazokatiza upana, na vishikizo vya pembeni vinavyofunga fremu ya juu na ya chini pamoja. Vichwa vya miguu vya chini vipake vanishi au rangi mpaka vikatae kunywa, kwa sababu maji hupanda kwenye nyuzi za mbao kama mafuta ya taa kwenye utambi.

Maji chumvi: umbo lile lile, kwa mtiki, na skrubu za stenlesi. Za kawaida zenye rangi ya dhahabu zitakula kutu ndani ya mbao bila wewe kujua.

Unataka kabati la kufungua na tangi la chujio chini: plaiwudi ya milimita 18 kwa fundi mwenye mashine, au paini yenye mbili kwa sita mbele.

Unaishi ghorofani: swali la kwanza si stendi. Sakafu za makazi kwa kawaida hukokotolewa kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na tangi hili linakandamiza kama kilo 800 kwa mita ya mraba pale lilipokaa. Haina maana kwamba sakafu itaanguka, maana tangi limekaa sehemu ndogo tu ya chumba, lakini liweke ukutani penye boriti chini yake, na muulize mhandisi kabla. Kwenye nyumba ya chini, gonga marumaru kwa sarafu pale miguu itakapokaa. Panapotoa sauti ya uwazi, saruji haikushika chini yake. Hama hatua moja.

Siku ya kuweka maji

Matangi mengi ya hapa yanaunganishwa kwa silikoni na mafundi vioo, hayana fremu ya plastiki chini. Tangi la namna hiyo linataka ubao mzima wa plaiwudi juu ya fremu, na juu ya ubao karatasi ya lile povu jeupe gumu, unene wa sentimita moja, linalofungia televisheni kwenye boksi. Punje moja ya mchanga kati ya kioo na ubao inatosha kuanzisha ufa, na povu linaimeza. Tangi lenye fremu ya plastiki halihitaji povu, linakalia ukingo wake.

Usawa usipimwe kwa pimamaji fupi la futi moja. Tumia mpira wa maji, ule unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi wanapimia msingi. Ncha moja pembe hii, ncha nyingine pembe ile, subiri maji yatulie. Pasipo sawa, weka kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya mguu wa stendi. Usiweke kamwe kati ya tangi na stendi.

Ile stendi yangu ya pili, paini ya Shume yenye miguu sita, tuliijaribu kabla ya kuiweka tangi. Tulinyosha uzi chini ya mbao ya mbele, kutoka mguu wa pembeni hadi mguu wa pembeni, tukaupitisha kando ya mguu wa kati, tukapanga juu mifuko 12 ya saruji iliyokuwa imenunuliwa kwa ajili ya ukuta wa uani. Ikalala hivyo hadi asubuhi. Mzee alikuja na njiti ya kiberiti, akaipitisha kati ya uzi na mbao kuanzia kushoto hadi kulia, taratibu, akisikiliza kama itakwama. Haikukwama popote. Kisha akasukuma stendi kwa mkono, pembeni juu, kwa nguvu zake zote. Mifuko haikucheza.

Maji tuliyaweka kwa awamu: theluthi siku ya kwanza, theluthi siku ya pili, yaliyobaki siku ya tatu. Kila siku rula kwenye pembe nne. Siku ya tatu jioni ilikuwa sentimita tano mbele kushoto, tano mbele kulia, tano nyuma kushoto, tano nyuma kulia. Nikaiacha wiki nzima na maji matupu, chujio linazunguka, nikapima tena, tano tano. Ndipo tukawatoa samaki kwenye mabeseni.